Nani Mtoro Hapa?

Gerishom hakuwa na mke, wala mtoto, wala koti la Jumapili. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na jino moja la mbele, lililong'oka siku aliporukiwa na jiwe timboni, alikochonga matofali ya mawe tangu ujana wake. Hakuwa na cheo chochote kanisani ila kufagia na kugonga kengele, na kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gurudumu la lori. Hayo yote aliyabeba bila kunung'unika. Alichokosa kwa uchungu ni ulimi wa kutegemewa. Alikuwa na kigugumizi, na herufi aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa M. Akitaka kuomba maji, kabla hajamaliza kulitamka neno mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumletea uji, kiti na pole ya safari.

Basi watu wa Kitoroni walipoambiwa kwamba mwaka ule, 1984, msomaji wa Ukumbusho atakuwa Gerishom, walicheka hadi wakashika mbavu.

Kitoroni ni kijiji kidogo, ukiacha barabara kuu pale Matsangoni ukaingia ndani kuelekea msituni. Kilianzishwa na watu waliotoroka utumwa katika mashamba ya pwani, zamani za babu zao. Walikimbia wakala mizizi, wakalala juu ya miti, na walipofika hapo wakamkuta mwinjilisti mmoja mwenye Biblia na kibanda cha miti. Wenye mashamba walikuja kuwadai. Mwinjilisti akasimama mlangoni akasema hawarudi. Hawakurudi. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kanisa, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane wazao wao hukutana humo wakamkumbuka Mungu aliyewatoa. Msomaji huuliza, na kanisa zima hujibu bila kitabu. Karibu na mwisho huuliza hivi: "Nani mtoro hapa?" Hapo watu wote husimama kwa mara moja, mkubwa na mdogo, wakajibu: "Mimi ni mtoro. Bwana hakunirudisha." Msomaji huuliza tena, "Na mlango huu?" Nao hujibu, "Haumrudishi mtu." Kisha ngoma hulia.

Msomaji lazima atoke nyumba ya Tunu, mwanamke aliyetangulia kuingia mlango ule. Kwa miaka mingi msomaji alikuwa Bi Dorcas, mjukuu wa Tunu, ambaye sauti yake ilifika hadi barabarani. Lakini sasa pumu ilikuwa imemwachia pumzi ya kunong'ona tu, na katika nyumba ile alibaki yeye na Gerishom, mtoto wa kaka yake.

"Tukimngoja Gerishom amalize," alisema Bi Jedida, mwenyekiti wa akina mama, "chakula cha mchana tutakila Jumatatu."

Maneno hayo aliyasema katika kikao cha kamati, na siku hiyohiyo ndipo Mchungaji Kioko alipoleta hoja yake. Mchungaji alikuwa mgeni, ametoka Ukambani hajamaliza mwaka, kijana mwema mwenye kupenda mambo yaliyonyooka.

"Wazee wangu na mama zangu," alisema, "kwetu mtoro ni mtoto anayejificha kichakani mwalimu akiita majina. Mwaka huu tuna wageni kutoka Mombasa. Hivi kweli wakute kanisa zima limesimama linasema 'mimi ni mtoro'?"

"Mchungaji amesema kweli," akadakia Bi Jedida. "Juzi mjukuu wangu ameniuliza, bibi, wewe ulitoroka shule gani?"

Wakacheka. Mchungaji akapendekeza waseme "waliokombolewa", neno safi, la Biblia. Akauliza nani anaunga mkono. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Gerishom, kwa maana neno lile jipya halikuwa na M mwanzoni.

Bi Dorcas akamgeukia taratibu. "We Gerishom," alinong'ona, "umelitoa neno la Tunu kwa sababu linakukwama kooni?"

Gerishom akatazama vidole vyake vya miguu. Karatasi zikapigwa taipu mjini Kilifi zikiwa na neno jipya.

Jumamosi ya mkesha, alasiri, Gerishom alikuwa peke yake kanisani akifagia na kujizoeza. Aliuliza viti, na viti vilikuwa wasikilizaji wavumilivu.

"N-n-nani alitutoa?"

"Bwana alitutoa," kiti cha nyuma kikajibu.

Ufagio ukamtoka mkononi.

"Ni mimi, baba," ikasema sauti ya kike. "Shikamoo."

"M-m-ma... m-m..."

"Usijisumbue, baba. Nimeipokea."

Alikuwa Mapenzi, msichana wa kazi wa Bi Jedida. Alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya kiti cha mwisho, kajifunga leso iliyochanika, na mguu wake wa kulia ulikuwa umepasuka unyayoni ukitoa damu. Alikuwa amekatiza timboni, kwenye mawe makali, ili asionekane barabarani.

Gerishom akaketi chini umbali wa heshima, akasikiliza. Mapenzi alisimulia bila kulia. Miaka mitano iliyopita Bi Jedida alimchukua kwao, upande wa Bamba, akamwahidi mama yake kwamba atamfundisha cherehani. Cherehani aliiona kila siku, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipangusa vumbi. Alipopata kipande, kitambulisho cha serikali, Bi Jedida alikichukua "nikuwekee usikipoteze". Jioni lango lilifungwa kwa ndani na ufunguo ukalala chini ya mto wa mwenyewe. Na sasa, Alhamisi, muuza makaa wa Bamba alikuwa ameleta habari kwamba baba yake amefariki na kuzikwa, na mama yake anamngoja mwanawe aje kabla matanga hayajaanuliwa.

"Nikamwomba ruhusa," alisema Mapenzi. "Akaniambia, aliyekufa ameshazikwa, haondoki tena pale. Wageni wa Ukumbusho nitawapikia na nani?"

"Na ha-hapa umekuja kufanya nini? Si ungekwenda Bamba?"

"Kwa mguu huu, baba? Na kipande sina. Tena kila mwaka mimi huwa hapo jikoni nyuma ya kanisa nakoroga pilau, nanyi nawasikia. Mnasema mlango huu haumrudishi mtu. Mnasema kwa nguvu mpaka sufuria zinatetemeka. Basi nikajiambia, nitakwenda kwenye huo mlango."

Gerishom akautazama mlango. Alikuwa akiutia mafuta bawaba zake kila mwezi. Alikuwa ameyajibu maneno yale tangu hajui kuvaa suruali. Na katika umri wake wote haikumpitia akilini kwamba mtu angeweza kuyasikia, akayaamini, akayafuata kwa mguu unaotoka damu.

Akamshika mkono akampeleka kwa shangazi yake.

"Shangazi, huyu ni mfa-mfanyakazi wa Bi Jedida. Ame..."

"Nimekuuliza ni wa nani?" akanong'ona Bi Dorcas, huku ameshainuka kutafuta karai. "Nimekuuliza kama amekula?"

Akamwosha mguu kwa maji ya moto yenye chumvi, akampa ugali wa ule unga wa manjano uliokuwa chakula cha watu wote mwaka ule wa njaa, na jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na habari.

Mchungaji Kioko akafika akihema. Bi Jedida alikuwa amemwendea na maneno mengi.

"Bi Dorcas, mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi," alianza. "Lakini jambo hili tulimalize kwa upole. Kesho tuna wageni. Baada ya ibada nitamrudisha msichana mimi mwenyewe, kisha tukae, tuzungumze."

"Wenye mashamba nao walikuja kwa upole, mchungaji. Walisema vivyo hivyo. Warudisheni kwanza, kisha tutazungumza."

"Haya si mambo ya namna ile, mama. Bi Jedida ni mtu wa kanisa."

"Ndiyo maana nasema jambo hili ni la kanisa. Angekuwa mtu mwingine ningekwenda kwa chifu."

Mchungaji akajipangusa jasho. Halikuwa kosa lake kwamba hakuzaliwa Kitoroni. Aliogopa kanisa lisipasuke mikononi mwake. "Baada ya ibada," alirudia, kwa sauti ya chini. "Na wewe, Gerishom, kesho usome karatasi ilivyo. Nakutegemea."

Gerishom akatikisa kichwa kukubali. Lugha ya kichwa haikuwahi kumkwama.

Mchungaji alipoondoka, Mapenzi akauvuta mguu wake chini ya leso. "Basi ni kesho, baada ya ibada," alisema, kama mtu anayetajiwa saa ya gari.

Bi Dorcas alimtazama Gerishom kwa muda mrefu, akivuta pumzi kidogo kidogo. "Wana wa Israeli waliambiwa wale Pasaka wamesimama, viatu miguuni," alisema. "Unajua ni kwa nini? Mtu akikumbuka amekaa, atasinzia. Na Bwana Yesu alipowapa wenzake mkate aliwaambia wafanye. Hakuwaambia wasimulie."

Gerishom alikwenda kulala, lakini usingizi ulimpita kando.

Asubuhi kanisa lilijaa hadi madirishani. Wageni wa Mombasa waliketi mbele, wamevaa tai. Bi Jedida aliwakaribisha kwa vicheko na kuwapa vipepeo vya kujipepea, na kitenge chake kipya kilikuwa kikilia kila alipopita. Gerishom alisimama na karatasi yake.

"Tu-tu-tulikuwa wapi?"

"Mashambani kwa watu!" kanisa likajibu.

"Nani a-a-alitutoa?"

"Bwana alitutoa!"

Vijana wa nyuma waliziba vinywa wasicheke. Mgeni mmoja alitazama saa. Gerishom akaendelea hivyo, neno moja linapita, la pili linakwama, kama mtu anayesukuma mkokoteni wa mawe kwenye mchanga. Wakapita mwitu, wakapita njaa, wakafika mlangoni kwa mwinjilisti, wakafika msalabani, mahali ambapo Bwana alimtoa kila mtu utumwani mara ya pili. Ilikuwa imebaki mistari miwili ya karatasi. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Aliingia Bi Dorcas. Pumu ilikuwa imemchelewesha. Alikuwa amemwegemea Mapenzi, na Mapenzi naye, akichechemea na kitambaa mguuni, alikuwa amemwegemea yeye, hata usingejua ni nani aliyekuwa akimchukua mwenziwe. Wakapita katikati ya kanisa, polepole, mpaka kiti cha mbele cha nyumba ya Tunu. Wakaketi wote wawili.

Bi Jedida akainuka nusu. Alikusudia kunong'ona, lakini hasira haijui kunong'ona.

"Tazameni! Mtoro wangu huyo, amekaa mbele kama bibi harusi!"

Neno lile walilolifuta kwenye karatasi likarudi kanisani kwa miguu yake. Mapenzi akainamisha uso. Mchungaji Kioko akapiga hatua moja, akasimama, hajui aelekee wapi.

Gerishom akaitazama karatasi. Mstari ulikuwa pale, mweusi, mwepesi, hauna M mwanzoni. Akaitazama shingo ya Mapenzi iliyoinama. Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Nani m-m..."

Watu wakainua vichwa.

"Nani m-m-m..."

Mishipa ya shingo ilimtoka. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kijana mmoja alianza kucheka, mama yake akampiga kofi la bega. Midomo ya Gerishom ilikuwa imefungana kama mlango uliovimba kwa mvua, naye aliusukuma kwa nguvu zote za mtu aliyevunja mawe maisha yake yote. Kanisa zima lilikuwa likisukuma pamoja naye. Hata mgeni wa saa alikuwa ameegemea mbele, kinywa wazi, kana kwamba anamsaidia.

"Nani m-m-mtoro hapa?"

Lilitoka kama jiwe linavyong'oka timboni, kwa kishindo.

Wazee wakasimama kwanza. Kisha viti vyote vikalia kwa mara moja, na sauti ikapanda hadi makutini, watoto, vijana waliokuwa wakicheka, akina mama wenye watoto migongoni:

"Mimi ni mtoro! Bwana hakunirudisha!"

Na katika sauti zile, moja ilikuwa ya Bi Jedida. Alikuwa amelijibu swali hilo tangu akiwa na meno ya utoto, akimshika mama yake upindo wa leso, na siku hiyo mdomo wake ulijibu kabla yeye mwenyewe hajajua anasema nini. Alisimama, mkono ungali umemnyooshea Mapenzi kidole, na kinywa chake kikasema mbele ya watu wote kwamba yeye ni mtoro na Bwana hakumrudisha. Aliposikia alichokisema, mkono ukashuka wenyewe. Akabaki amesimama, macho yamemtoka.

Mchungaji Kioko ndiye aliyekuwa kimya. Alilitazama kanisa lake, mstari kwa mstari. Akavua miwani. "Na mimi," alisema, na sauti yake ikakatika. "Na mimi ni mtoro, ndugu zangu. Dhambi ilinifuga miaka mingi, nikamkimbilia Yesu. Bwana hakunirudisha."

Mapenzi alikuwa bado amekaa. Bi Dorcas akamgusa kiwiko. Msichana akainuka kwa mguu mmoja, akashika kiti cha mbele yake, akasema peke yake, kwa sauti ndogo iliyofika kila pembe:

"Mimi ni mtoro."

Hakumaliza. Alimtazama Gerishom, na kanisa zima likamtazama Gerishom.

"Na m-mlango huu?" akauliza Gerishom.

"HAUMRUDISHI MTU!"

Inasemekana waliokuwa kituoni Matsangoni walisikia. Ngoma zikapigwa, kayamba zikalia, vigelegele vikapasua hewa, na wageni wa Mombasa wakavua tai zao na makoti wakaingia katika duara. Gerishom alijikuta juu ya mabega ya watu, mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini, akicheka na pengo lake wazi. Bi Dorcas, asiyekuwa na pumzi, alipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Katika kelele hizo Bi Jedida alitoka nje. Waliomwona walidhani amekwenda kwa hasira. Lakini ngoma hazijapoa akarudi, kitenge chake kimejaa vumbi la njia, na mkononi ameshika kipande na leso jozi moja, mpya. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Mapenzi.

"Kipande chako hiki," alisema. Akataka kuongeza neno, likamkwama, na safari hii aliyekuwa na kigugumizi hakuwa Gerishom. "Bibi yangu alitoka kwa watu akiwa na kaniki moja tu. Mimi nimesimama hapa kila mwaka nikisimulia. Sikujua kwamba... Nisamehe, mwanangu."

Mapenzi akakipokea kipande akakigeuza, akaitazama picha yake. "Nataka kwenda kwetu," alisema.

"Utakwenda."

"Na cherehani uliniahidi."

Kanisa likaangua kicheko, na Bi Jedida naye, machozi yakimlenga, akacheka. "Haya! Sikia huyu! Basi ukirudi kwa hiari yako, nitakufundisha mimi mwenyewe, mchana, lango wazi."

"Nitaangalia," alisema Mapenzi, na hilo likachekesha kuliko yote.

Pilau ya siku ile ilipikwa na Bi Jedida na mchungaji, na iliungua. Wageni walikula ukoko wakaulamba, wakasema hawajawahi kula Ukumbusho wenye ladha namna hiyo.

Jumatatu asubuhi mguu wa Mapenzi ulikuwa umevimba kama kiazi, na mganga wa zahanati akamkataza kuukanyaga chini wiki nzima. Uso wake ukafifia. Matanga yangeanuliwa bila yeye, na mama yake angedhani mwanawe amekataa kuja.

"Muuza makaa anarudi Bamba leo," alisema Bi Dorcas. "Gerishom, lete kalamu."

Wakaketi barazani. Mapenzi alisema, Gerishom akaandika, na mkono wake haukugugumia hata herufi moja. Barua ilikuwa fupi. Ilimpa mama pole. Ilisema mwanawe yu hai, yu huru, anatibiwa kwa watu wema, naye yuaja Jumanne ya wiki ijayo. Tafadhali matanga yasianuliwe. Mchungaji Kioko, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akaongeza kwamba kanisa litakuja naye, watu wa kutosha kujaza lori, pamoja na ngoma na chakula chao wenyewe. Bi Jedida, aliyekuwa amesimama uani tangu mapema akiona haya kukaribia, akaomba kalamu. Aliandika mistari miwili kwa mkono wake. Hakuisoma kwa sauti, na Mapenzi alipoisoma aliikunja karatasi kwa uangalifu, akaitia katika bahasha.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu wa pwani. Bi Dorcas akatwaa kipande cha ugali wa manjano uliobaki, akaulainisha kwa maji, akaupaka. Mapenzi akabana kifuniko kwa kidole gumba hadi kikashika. Gerishom akaandika jina la mama na la kijiji kwa herufi kubwa, akatoka mbio hadi njia panda, akamkuta muuza makaa anafunga magunia matupu nyuma ya baiskeli.

"Ya mama yake Mapenzi," alisema. "M-mpe mkononi mwake."

Muuza makaa akaitia ndani ya shati, kifuani, akafunga kifungo, akapanda baiskeli akashika njia ya Bamba.